Nadharia ya upepo ya shamba la ngano inafanya kazi juu ya msitu wa mvua, au tunajidanganya?

#1 Kijana wa Mnara
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni msaada, wiki ya tatu hii silali.

Nipo shahada ya uzamili, nachambua data za msukosuko wa hewa zilizopimwa juu ya msitu wa mvua kule Amazonia. Mnara siutaji, msimamizi wangu hajaniruhusu. Chombo cha juu kipo kama mita 50 kutoka ardhini, miti ina mita 35 hivi. Nimefuata tulivyofundishwa: nadharia ya mfanano ya Monin na Obukhov, ile inayosema ukishaijua kasi ya msuguano (kipimo cha jinsi upepo unavyosugua kilicho chini yake) na joto linalopanda kutoka chini, basi namna upepo unavyoongezeka kwa kimo inaangukia kwenye mchirizo mmoja, uwe Siberia au Singida.

Nikachora. Nukta zangu karibu zote zimelala chini ya mchirizo. Hata zile nusu saa ambazo hewa haipandi kwa joto wala haizami kwa baridi, ambapo jibu (lile ongezeko la upepo likishagawanywa kwa kasi ya msuguano na kurekebishwa kwa kimo) linatakiwa kuwa 1, mimi napata kwenye 0.7. Halijoto ndiyo imeharibika zaidi kuliko upepo.

Msimamizi anasema nikague hesabu. Nimekagua mara nne. Nimekosea mimi, imekosea nadharia, au msitu ndio haukuhudhuria kipindi?

#2 Darasa la Saba
Nimeweka kiti. Wajuzi waje.

#3 Mjuaji wa Mabibo
Jibu rahisi. Nadharia hiyo waliibuni Wamarekani mwaka 1968 kwenye shamba la ngano Kansas. Ngano inakufika kiunoni, mti wa Amazonia unafika ghorofa ya kumi. Ulitegemea nini? Uzi ufungwe.

#4 Mzee wa Kusi
Mjuaji, usifunge mlango wa nyumba ya watu. Nadharia ni ya Warusi. Obukhov aliandika juu ya kile kimo kinachobeba jina lake, kinacholinganisha nguvu ya msuguano na nguvu ya joto, mwaka 1946, kisha yeye na Monin wakaikamilisha 1954. Kansas 1968 ndiko ilikopimwa kwa vyombo vya maana, mnara wa mita 32 kwenye tambarare ya mabua ya ngano, na michirizo anayoichora kijana ilichapishwa 1971. Hata huko hawakutoka salama: namba ya von Kármán, ile isiyobadilika inayoingia kwenye hesabu ya upepo, waliipata 0.35, leo tunatumia 0.40, na wapo waliosema mnara wenyewe ulikuwa unauvuruga upepo uliokuwa unaupima.

Ila nusu ya hoja yako ni kweli. Kijana, twende kwa hesabu ya vidole. Juu ya msitu upepo hauoni udongo, unaona vichwa vya miti. Kwa hiyo tunajifanya ardhi imepanda hadi thuluthi mbili au robo tatu ya urefu wa miti. Kwako hiyo ni mita 23 hadi 26. Chombo chako unachosema kipo mita 50, kwa macho ya upepo kipo mita 25 tu. Halafu juu ya vichwa vya miti kuna tabaka la ukwaru, ambamo hewa bado inauhisi mti mmoja mmoja: huyu katokeza, pale pana pengo. Tabaka hilo hupanda hadi mara mbili, hata mara tatu, ya urefu wa miti. Piga mwenyewe: mita 70 hadi 105. Monin na Obukhov wanaanza kusema kweli juu ya hapo. Wewe umepima jikoni unashangaa moshi.

Nilifundisha haya mambo miaka mingi, sasa nafuga kuku Muheza, kwa hiyo nikikosea mnirekebishe.

#5 Kijana wa Mnara
Shikamoo mzee, ahsante sana. Kwa hiyo mnara ungekuwa mrefu zaidi tatizo lingekwisha?

#6 Mjuaji wa Mabibo
Mrefu upo. ATTO, kilomita kama 150 kaskazini mashariki ya Manaus, mita 325, wa Wajerumani na Wabrazili, ulizinduliwa 2015. Unaupita mnara wa Eiffel.

#7 Abiria wa Daladala
Ulikuwa unaupita, tena kwa mita moja. Eiffel waliuongezea antena 2022, sasa una mita 330. Mjuaji leo si siku yako.

#8 Mjuaji wa Mabibo
Antena si mnara.

#9 Abiria wa Daladala
Na vyuma vya ATTO katikati ya msitu ni nini, mnazi?

#10 Namba Hazidanganyi
Kabla hamjafika mbali na minara yenu. Kijana, mhimili wako wa wima una kasi ya msuguano ndani yake, imegawanya. Mhimili wako wa mlalo una kimo cha Obukhov, na ndani ya hicho kasi ileile ya msuguano imepandishwa kwa kipeo cha tatu. Umeweka kitu kimoja pande zote mbili za mchoro! Kosa dogo la kupima kasi hiyo linaisogeza nukta yako wima na mlalo kwa pamoja, na utapata mchirizo hata kama msitu haukusema lolote.

Fanya hivi: chukua data zako, zichanganye kama karata, kasi ya msuguano ya Jumatatu ipe joto la Alhamisi na upepo wa Jumapili, kisha chora upya. Umbo likibaki, basi ulikuwa unachora hesabu yako, si hewa. Usiku, hewa ikiwa imetulia, udanganyifu huu unakwenda upande uleule wa nadharia, kwa hiyo unakusifia bure. Mchana unakwenda kinyume.

#11 Mzee wa Kusi
Namba, hiyo ni kweli na vijana wengi huisahau. Lakini haielezi kwa nini pale katikati, ambapo joto si kitu, anapata 0.7 badala ya 1. Hapo mhimili wa mlalo ni sifuri. Karata zako hazifiki.

#12 Namba Hazidanganyi
Sikusema inaeleza yote. Nimesema asisifie wala asilaumu mchirizo kabla ya kuchanganya karata.

#13 Mtundu wa Hesabu
Mimi nina njia ya mkato. Ile ardhi ya kujifanya, nani kasema lazima iwe mita 26? Kijana, ishushe hadi mita 16. Chombo chako kitakuwa mita 34 juu yake, 0.7 yako inageuka 1, msimamizi anafurahi, unahitimu Novemba.

#14 Kijana wa Mnara
Nakiri nililijaribu hilo usiku mmoja, sikusema kwa aibu 😂 Upepo ukakubali. Halijoto ikagoma, ikataka ardhi ishuke chini zaidi ya hapo.

#15 Mzee wa Kusi
Haya, umejionea. Ardhi ya upepo ipo mita 16, ardhi ya joto ipo kwingine, kesho mvuke utadai ya kwake. Msitu mmoja hauwezi kuwa na sakafu tatu. Ukiona unalazimika kusogeza sakafu kwa kila mgeni, ujue tatizo si sakafu.

#16 Mpunga wa Mbarali
Naomba niingie. Mmeshika "ukwaru" kana kwamba ni ugonjwa unaoisha ukipanda juu. Kuna watu waliutazama kwa namna nyingine kabisa: Raupach, Finnigan na Brunet, 1996. Wao walisema hewa juu ya mimea haifanani na hewa inayosugua ukuta. Inafanana na mito miwili inayokutana, mmoja wa kasi na mmoja wa polepole. Juu ya miti upepo unakwenda, ndani ya miti umekwama kwenye majani, na pale kwenye vichwa tofauti ni ya ghafla. Mpaka kama huo hauwezi kutulia. Unajikunja, unazaa mizunguko mikubwa inayofuatana kwa mpangilio, na umbali kati ya mmoja na mwingine unatawaliwa na ukali wa lile badiliko la kasi, karibu mara nane ya kipimo chake. Umbali wako kutoka ardhini hauna neno hapo.

Aliyewahi kusimama tutani mpunga ukiwa umechanua ameshawahi kuiona. Upepo unapiga, shamba linainama kwa mawimbi, wimbi baada ya wimbi, kama bahari ya kijani. Ile ndiyo mizunguko yenyewe ikipita juu. Wajapani wana neno lake, honami.

Sasa nadharia ya Monin na Obukhov inaamini kimo ndicho kinachopima ukubwa wa mzunguko. Juu ya msitu mizunguko imekuja na kipimo chake kutoka vichwani mwa miti. Mizunguko hiyo inachanganya hewa kwa nguvu kuliko nadharia inavyotarajia, kwa hiyo tofauti ya upepo kati ya chini na juu inapungua, na kijana anapata 0.7. Na inachanganya joto vizuri zaidi kuliko inavyochanganya mwendo (msukumo ambao upepo umeubeba), ndiyo maana halijoto yake imelala chini zaidi. Hakuna sakafu ya kushusha hapo.

#17 Kijana wa Mnara
Mkuu, hii imenigusa. Naweza kuipima?

#18 Mpunga wa Mbarali
Unaweza. Tazama uhusiano wa upepo wa mlalo na wa wima. Kwenye tabaka la kawaida karibu na ardhi ni kama 0.35 kwa ukubwa, kwenye vichwa vya miti hukaribia 0.5. Pili, hesabu mwendo unashushwa na nani. Je, ni hewa ya kasi inayoporomoka kutoka juu, au hewa ya polepole inayotupwa juu? Karibu na vichwa vya miti maporomoko ndiyo hubeba zaidi. Ukipanda, hewa inayotupwa juu inachukua zamu.

#19 Kiswahili Sanifu
Naheshimu elimu yenu, lakini "mizunguko" ni neno bovu hapa, mizunguko ni ya fedha na ya barabarani. Kwa nini tusiseme visulisuli?

#20 Mzee wa Kusi
Kisulisuli ni kile kinachobeba vumbi na sketi za wanafunzi uwanjani. Hiki cha msituni hakionekani, na mara nyingi hakizunguki hata duara moja kikamilifu kabla hakijavunjika.

#21 Kiswahili Sanifu
Na canopy mnasemaje? Naona mnakwepa, kila mtu "vichwa vya miti".

#22 Mpunga wa Mbarali
Wengine mwavuli wa msitu, wengine kanopi. Mimi "vichwa vya miti", kila mtu ananielewa hadi mama yangu.

#23 Rubani Mstaafu
Nimerusha ndege ndogo miaka kumi na minne, sehemu kubwa juu ya misitu ya Kongo. Asubuhi saa moja msitu umelala, unaweza kunywa chai. Saa saba mchana ndege inarushwa kama mpira, na ukivuka mto mkubwa ghafla kunatulia, wakati mwingine unahisi ndege imezama kidogo, kisha ukingo wa pili unapokewa na teke. Mnavyobishana kuhusu mita 50 na mita 105, mimi nauliza: yale mateke yanayoanzia mita 50 yanafika mawinguni, hayo mmeyaweka wapi?

#24 Sakafu ya Mawingu
Rubani kagusa penyewe, na hapa nawapinga Mzee na Mpunga wote wawili.

Nadharia inahitaji chumba cha kuishi. Sakafu ya chumba ni pale ukwaru unapoisha. Dari yake kwa desturi ni karibu sehemu ya kumi ya tabaka zima la hewa linalochanganyika kutoka ardhini. Saa tatu asubuhi Amazonia tabaka hilo linaweza kuwa na mita 300, sehemu ya kumi ni mita 30, yaani chini ya vichwa vya miti! Alasiri likipanda hadi mita 1,000 au 1,200, dari ni mita 100 au 120. Sakafu kwa hesabu ya Mzee ni mita 70 hadi 105. Kwa hiyo kwa siku nzima chumba kinafunguka saa chache, na chenyewe ni cha kuinama. Usiku tabaka lote likiwa na mita 150 msiniulize.

Kwa hiyo mzee, kumwambia kijana apande juu hakusaidii. ATTO walipanda. Mwaka 2019 walichapisha majibu: walitafuta tabaka la kawaida ambalo nadharia inaishi ndani yake na hawakulikuta. Ukwaru unakwenda moja kwa moja kukutana na lile tabaka la juu linalochanganywa na joto la mchana. Mizunguko mikubwa inashuka kutoka juu hadi kwenye majani. Kimo cha tabaka zima kinaingia kwenye hesabu, na Monin na Obukhov hawakukiwekea nafasi.

#25 Mpunga wa Mbarali
Lakini mkubwa, mizunguko mikubwa ya juu ikifika chini hubadilisha zaidi upepo wa mlalo. Haiwezi kushusha mwendo mwingi peke yake, ardhi inaibana isiende juu na chini. Inayobeba mzigo ni ile ya vichwani.

#26 Sakafu ya Mawingu
Inayobeba ndiyo, lakini nani anaiamsha? Poromoko kubwa likipita juu, kasi kwenye vichwa vya miti inaongezeka, na mizunguko yako ya mpunga ndiyo inazaliwa hapo. Likiondoka, inalala. Shamba lako la Mbarali halitoi mawimbi muda wote, linatoa kwa vipindi. Vipindi hivyo vinatoka wapi?

#27 Mpunga wa Mbarali
Hapo nakupa nusu.

#28 Mtu wa Tshopo
Jambo yenu bote. Miye niko Kisangani, Kiswahili ya kwetu iko tofauti, munisamehe. Huku kwetu kuko Yangambi, karibu kilomita mia moja kufuata mto. Kuko mnara ya mita 55, banaita CongoFlux, ya watu wa Chuo Kikuu cha Ghent ya Ubelgiji na INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, ni ya kwanza ya namna ile ndani ya msitu ya Bonde ya Kongo. Banapima hewa ukaa yenye msitu inavuta na inatoa. Sasa nasoma hapa munasema nadharia haifanye kazi juu ya miti. Ile mnara basi inapima nini? Juu ya nini tuiamini?

#29 Mzee wa Kusi
Karibu sana ndugu yetu. Swali zuri kuliko yote humu. Mnara wa namna ile hauitegemei nadharia hii. Una anemomita ya sauti na kipima gesi, vinasoma mara 10 au 20 kwa sekunde: hewa inapanda au inashuka, na imebeba gesi kiasi gani. Unazidisha, unachukua wastani wa nusu saa, basi. Hiyo ni kama kusimama mlangoni unahesabu wanaoingia na wanaotoka.

Wanaoitegemea nadharia ni wale wasio na mnara. Programu za utabiri wa hali ya hewa na tabianchi zina mraba wa kilomita kadhaa juu ya msitu, hazina mtu mlangoni, kwa hiyo zinakisia joto na mvuke kutoka kwenye tofauti ya upepo na halijoto. Tofauti hizo zikiwa ndogo kuliko nadharia inavyodai, kama za kijana, programu itakisia pungufu.

#30 Dada Kaboni
Mzee umempoza sana ndugu wa Tshopo. Mlango una usiku.

Mchana sawa. Usiku upepo unakufa, hewa ya juu ya miti inatengana na ya chini kama nyumba mbili. Udongo na miti vinaendelea kupumua, gesi inajaa chini ya majani, na penye mteremko inatiririka kwenda bondeni kama maji, inapita chini ya chombo bila kuhesabiwa. Pale karibu na Manaus, ambako minara ipo juu ya miinuko, mabonde ndiyo yanayojaa. Mhesabu wa mlangoni anaandika: hakuna aliyetoka. Kumbe wametokea dirishani.

Na hapa ndipo penye pesa za kaboni mnazozisikia. Amazonia, Rebio Jarú huko Rondônia, 1995 walichapisha kwamba msitu unavuta kama tani 1 ya kaboni kwa hekta kwa mwaka. Karibu na Manaus, 1998, karibu tani 6. Tapajós, hukohuko Amazonia, 2003, wakasema msitu wao unapoteza tani 1.3. Sawa, misitu tofauti, miaka tofauti, na Tapajós kulikuwa na miti mingi iliyokufa inaoza. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa: zile nusu saa za usiku mtulivu unazitupa au unazibakiza? Watu wanaweka kizingiti cha kasi ya msuguano, chini yake wanatupa na kujaza kwa makisio. Sogeza kizingiti kidogo, msitu unageuka kutoka mvutaji kuwa mtoaji.

#31 Darasa la Saba
Ngoja nielewe. Kuna watu wanauza hewa kwa tani, na kipimo kinategemea kama jana usiku palikuwa na upepo?

#32 Dada Kaboni
Wanaouza wengi hupima vipenyo vya miti, hawatumii minara. Lakini umeelewa kuliko wanafunzi wangu.

#33 Darasa la Saba
Basi na mimi nabadilisha jina la akaunti.

#34 Fundi wa Nguzo
Nyote mnadhani namba zimetoka mbinguni. Mimi ndiye ninayepanda. Miaka kadhaa nilikuwa nafunga vyombo kwenye mnara mmoja wa msituni, nchi siitaji. Mkono wa chombo ulikuwa mfupi, upepo ukitoka nyuma unapita kwanza kwenye vyuma vya mnara. Nyigu walijenga kwenye kichwa cha anemomita na hakuna aliyejua kwa wiki mbili. Mvua ikinyesha matone yanakaa kwenye vipaza sauti vidogo, kinasoma upuuzi. Na chombo cha chini kilikuwa kimeinama digrii mbili, kwa macho huoni. Kijana, tofauti ya upepo kati ya kimo na kimo juu ya msitu ni ndogo sana, chombo kimoja kikisoma kasi kidogo kuliko mwenzake, 0.7 yako imepatikana bila nadharia yoyote. Uliza lini mara ya mwisho walivibadilishana nafasi.

#35 Kijana wa Mnara
Sijui kama waliwahi kuvibadilisha. Nimeandika barua pepe kuuliza.

#36 Rubani Mstaafu
Fundi, na radi?

#37 Fundi wa Nguzo
Ukisikia ngurumo ya kwanza unashuka. Ya pili hukumbuki ulishukaje.

#38 Sakafu ya Mawingu
Hoja ya Fundi ni nzito, ila chombo kibovu hakichagui saa. Kijana, gawa data zako kwa saa: asubuhi tabaka likiwa fupi, na alasiri likiwa refu. Kosa likibaki lilelile, ni chombo au ni ukwaru. Likibadilika, ni la juu.

#39 Kijana wa Mnara
Wakuu, nimerudi baada ya siku sita. Nimechanganya karata kama Namba alivyosema: usiku, sehemu kubwa ya mchirizo ilibaki palepale. Niliumia, maana ndiyo ilikuwa sura nzuri ya tasnifu. Mchana umbo limevunjika, kwa hiyo kuna kitu cha kweli. Uhusiano wa mlalo na wima umekaa katikati ya zile namba mbili za Mpunga. Na nimegawa kwa saa: asubuhi na alasiri zinatofautiana, lakini si sana.

#40 Mpunga wa Mbarali
Katikati kwa mita 15 tu juu ya miti, ndivyo inavyotakiwa. Ahsante.

#41 Sakafu ya Mawingu
"Zinatofautiana." Ahsante.

#42 Namba Hazidanganyi
Nusu saa ngapi kila upande, na ukingo wa kosa uko wapi?

#43 Mzee wa Kusi
Na msimamizi kasemaje?

#44 Kijana wa Mnara
Kasema nikague hesabu. Na ile barua pepe imejibiwa: vyombo vilibadilishwa nafasi mara moja, lakini aliyeandika tarehe ameshaacha kazi.